Skii Ndani ya Kanga

"Kila neno nitakalolisema ni kweli tupu, na mkinishika na uongo hata wa punje ya mtama, Gervais akikalie kiti changu."

Ndivyo nilivyoapa Jumapili, kikombe mkononi, mbele ya watu wa chai katika chumba cha chini cha kanisa letu hapa Laurel, ughaibuni. Kiti chenyewe ndicho pekee chenye mto. Kipo karibu na kipasha joto, na mkono wake wa kushoto unagusana na kiti cha Domina. Tangu nilipostaafu kazi ya kuegesha magari ya wageni wa hoteli kule Alexandria ya huku huku, sina cheo kingine duniani.

Domina ni muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Bukoba, mjane kama mimi nilivyo mgane. Wenzake kazini walimzawadia safari ya Colorado, akateleze kwenye theluji ya milimani, jambo alilolitamani miaka yote akiitazama theluji kupitia madirisha ya wagonjwa. Na alipohitaji mtu wa kumsaidia kuchagua skii, zile mbao ndefu za kufunga miguuni, alimwomba Gervais. Mimi nikiwa papo hapo, nimeketi, mkono kwa mkono naye.

Gervais wa Uvira, kwenye joto la ziwa, ambako barafu huonekana ndani ya glasi ya soda tu. Ati kwa sababu aliwahi kuendesha basi la watelezaji kwenda Pennsylvania, akajifunzia huko. Mimi nimezaliwa Nyeri. Nimepiga mswaki utoto wangu wote nikiutazama weupe wa Mlima Kenya. Nani basi wa kuulizwa habari za theluji? Kitu kilinipanda kifuani kama maziwa yaliyosahauliwa motoni, nikatangaza kwamba nami nakwenda dukani.

"Basi tukaingia," niliwasimulia wenzangu. "Gervais akashika skii nyembamba kama vijiti vya mishikaki. Nikasema, Domina, huko theluji ni unga mtupu, inafika kiunoni. Ukivaa hizo utazama, tukutafute mwezi wa Mei ikiyeyuka. Nikamtwalia pana, kila moja upana wa sinia. Wenye duka wakanitaka nizijaribu. Nikapanda kilima kule Greenbelt, nikajiachia. Jamani, nililipita basi. Wale wataalamu wa mambo ya anga walio jirani walitoka nje na mitambo yao, wakidhani kuna kitu kimedondoka kutoka juu. Niliposimama, theluji nyuma yangu ilikuwa inachemka."

"Inachemka," alirudia Chepkirui, muuguzi kijana ambaye huzimeza hadithi zangu kama dawa chungu. "Na Mama Domina akazinunua hizo sinia?"

"Hizo hizo. Gervais ni shahidi."

Watu walimgeukia Gervais. Alikuwa anakoroga chai yake taratibu.

"Miye ninakunywa chai, kaka," alisema.

Utulivu wake uliniudhi kuliko kama angenipinga. Mtu anakushinda, halafu hata hajishughulishi kuuonyesha ushindi.

Hapo Domina akateremka ngazi. Alikuwa juu kwa mchungaji, akiombewa safari, nami nilikuwa na hakika kwamba skii ameziacha garini. Kumbe nazo alizipeleka zikaombewe. Alizikumbatia kama mtoto mgonjwa, zimefungwa kanga, ncha zilizopinda zikichungulia juu.

"Endelea, Mzee Festus," alisema. "Nimesikia basi likipitwa nikiwa ngazini."

Akaifungua kanga. Ziling'aa kwa mafuta ya maombi, wala hazikuwa vijiti, wala hazikuwa sinia.

"Gervais alinieleza vizuri," aliwaambia watu. "Skii pana huelea kwenye unga, lakini kwenye barafu ngumu ni kama kumburuta ng'ombe asiyetaka josho. Nyembamba huing'ata barafu, ila kwenye unga huzama. Akaniuliza, yaya, ndivyo kwao wanavyomwita dada, unataka kutelezea wapi? Nikasema, mlima mzima. Akacheka sana. Ndiyo tukachukua hizi za upana wa kati."

Kicheko hicho sikukisikia dukani, nacho kilinichoma zaidi ya skii zenyewe.

"Na Mzee Festus alikuwa wapi wakati huo?" aliuliza Chepkirui.

Nilikuwa kwenye benchi la nyuma ya duka. Nilijifunga buti za skii, zile ngumu kama ndoo, ili Domina anione nikitembea nazo. Nikashindwa kusimama, kisha nikashindwa kuzivua, hadi miguu ikafa ganzi. Gervais alinipigia magoti, akafungua kifungo baada ya kifungo, akazivuta kwa upole kama anayemvua viatu mtoto aliyesinzia. Hakusema neno pale, wala garini, wala siku zote zilizofuata. Ningemsamehe kama angesema.

Domina alinitazama. Naye aliyaona yote.

"Alikuwa ananingoja," alimjibu Chepkirui.

"Haya. Kiti, Mzee," Chepkirui akanigeukia.

Nilisimama. Niliukung'uta mto, nikaugeuza upande wenye baridi. Gervais alisitasita, akasema aksanti, akaketi. Kilimkaa vizuri mno, kana kwamba fundi alimpima yeye. Domina akaketi kando yake, mikono ya viti ikagusana kama kawaida yake, na mimi nikaenda kusimama karibu na sinki, ambako kipasha joto hakifiki. Waliambiana jambo. Gervais akacheka tena.

Baadaye Domina alikuja na birika, akanijazia kikombe hadi ukingoni.

"Miguu inaendeleaje?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Ilikuwa imepona tangu Jumanne.

"Bado inauma," nilisema.

"Nikirudi nitaiangalia."

Akarudi kwenye kiti chake. Nami nikazunguka meza kufuata sukari, nikichechemea mguu wa kulia, polepole, endapo atageuka.