Njia za Mchwa Chini ya Mbaazi

Kaari, mhadhiri kijana katika chuo kimoja mjini Embu, alikuwa na hamu kubwa ya kuona jina lake kwenye jarida. Alipotuma makala yake kuhusu mbaazi za Kiritiri, jibu lilirudi kabla chai yake haijapoa: imekubaliwa, hongera, lipa tuchapishe. Akaruka kwa furaha. Kisha akasoma tena. Wahariri walikuwa wamemsifu kwa utafiti wake wa kina kuhusu samaki.

"Samaki gani tena?" akamuuliza Mwongera, mhadhiri mwenzake.

Mwongera hakucheka. "Hao huchapisha chochote, bora ulipe. Halafu mtu mwingine atasoma, aamini, apande akifuata hayo. Iondoe."

Akaiondoa, ingawa ilimuuma, akaipeleka kwa jarida ambalo kila makala hupitiwa na wataalamu kwanza. Miezi ikapita. Hatimaye mtaalamu mmoja, asiyejulikana jina wala nchi, akamuuliza: "Umeandika kwamba mizizi huvunja tabaka gumu la ardhi. Uliiona ikivunja?"

Hakuwa ameiona. Alidhani tu.

Basi akateremka Kiritiri, shambani kwa Mzee Njagi, mkulima ambaye mbaazi zake alikuwa amezichunguza kwa misimu kadhaa, wakachimba kando ya mbaazi moja. Jembe likashindwa, wakashika mtaimbo. Shimo likafika kiunoni, likafika kifuani. Ghafla Njagi, aliyekuwa ndani, akavua kofia yake.

"Madam, hebu shuka uone."

Tabaka lile, gumu kama saruji, halikuwa limevunjika popote. Lilikuwa limetobolewa vijia vyembamba vya mchwa wa zamani, na ndani ya kila kijia mzizi ulikuwa umeteremka, ukipinda pale mchwa walipopinda, hadi kwenye udongo mweusi wenye unyevu. Huko juu mbuzi walikuwa wakitafuna majani makavu.

Kaari akagusa ncha ya mzizi. Ilikuwa baridi. Misimu yote hiyo alikuwa akipita juu ya kitu hiki, na aliyemleta kukiona ni yule mtaalamu asiyejulikana, ambaye huenda hajawahi hata kusikia jina la Kiritiri. Kama angelipa siku ile, uongo wake ungekuwa umeshafika mbali.

"Ni mchwa hawa hawa ninaowamwagia dawa?" Njagi akauliza.

"Nafikiri ndio hao, Mzee. Lazima niandike upya."

Njagi akauchukua mtaimbo.

"Usiandike bado," akasema. "Kwanza tuchimbe na kando ya mbaazi ile nyingine."