Kahawa ya Mke wa Pasta

Baba yangu, Mbugua, alipiga picha nusu ya watu wa mtaa wetu wa Free Area: harusi zao, watoto wao, hata mbwa wao. Alipofariki tulitafuta picha yake ya kuweka juu ya jeneza, tukakosa. Ikabidi tukuze ile ya kitambulisho, ambamo anaonekana kama mtu anayetafutwa na polisi.

"Mganga hajigangi," alisema Tata Waithera, dada yake Baba, kwa sauti iliyofika hadi nyuma ya hema.

Tata alipotangaza kwamba Jumapili angewaleta kina mama wa kanisa nyumbani kutuombea, Mama aliniita jikoni.

"Shiru, sitaki wamkute baba yako ukutani na uso ule wa mwizi. Si kulikuwa na filamu ndani ya kamera?"

Ilikuwapo. Kamera ya Baba ni ile ya sanduku yenye macho mawili, unayoiinamia na kuchungulia kutoka juu. Mimi naipenda kwa sababu huhitaji kumtazama mtu usoni. Filamu yake ni pana, inatoa picha kumi na mbili za mraba. Na Kosgei, wa bodaboda pale kona, aliapa kwamba picha ya mwisho aliipiga yeye, ya Baba mwenyewe, mbele ya studio yake.

"Haki ya Mungu, mathe, nilimpiga! Aliniambia, 'Kosgei, leo nipige na mimi.' Akacheka mpaka nikashangaa."

Shida ilikuwa dawa ya kusafishia filamu ili picha zitokee. Ya Baba ilikuwa imeharibika chupani, imebaki ile ya kukazia picha zisifutike tu. Lakini alikuwa amenifundisha njia yake ya wakati dawa inapoadimika: kahawa kali, magadi ya kupikia maharagwe, na vidonge vya vitamini C vilivyosagwa. Magadi na vidonge tulikuwa navyo. Kahawa kwetu hainywewi. Iliyokuwapo ni mkebe mpya alioleta Tata kwa ajili ya mke wa pasta, ambaye hagusi chai.

"Chukua," Mama alisema.

"Yote?"

"Mume alikuwa wangu. Mke wa pasta atakunywa maji."

Niliingia kabatini, nikajifunika blanketi, nikaviringisha filamu kwa kupapasa ndani ya tangi lake lisilopitisha mwanga. Kisha nikatoka, nikamimina ule mchanganyiko wa kahawa, kisha dawa ya kukazia. Nyumba ikanuka kama ng'ombe amelala hotelini. Mama alisimama mlangoni, ameziba pua.

Nilipoitoa filamu niliiinua dirishani, nikaanza na ya mwisho. Mlango wa studio. Ukuta. Pembeni kabisa, kiwiko kimoja cha koti la Baba. Kwenye kioo cha kamera ile, kulia huonekana kushoto. Kosgei alitaka kumweka Baba katikati, akamfukuza nje ya picha. Chini, kwenye mchanga, kulikuwa na kivuli cha Kosgei na helmeti yake, katikati sawasawa.

"Yuko?" Mama aliuliza.

"Kuna kiwiko."

Mama alicheka, kicheko kibaya, akaketi juu ya ndoo.

Nikaendelea kutazama zilizobaki. Baba alikuwa na sheria moja: jua liwe mgongoni mwa mpiga picha. Kivuli chake kiliangukia mbele kila mara, na kila alipochapa picha alikata ile sehemu ya chini, wateja wasilalamike. Miaka yote alikuwa akijikata mwenyewe. Kwenye filamu hakuna aliyemkata. Kivuli chake kilikuwamo katika zote kumi na moja: kofia yake, viwiko vimepanuka, kichwa kimeinama.

Moja ilikuwa ya Mama akianika nguo, amekunja uso. Kivuli cha kofia kimefika miguuni pake.

"Nilimwambia aache ujinga, aje anishikie pegi," Mama alisema. Akaishika filamu kwa ncha za vidole. "Hii. Na usikate."

Jumapili Tata alisimama mbele ya fremu ya picha ile, niliyoichapa nzima, mikono kiunoni, kina mama wamejaa nyuma yake.

"Wamaitha, huyu ni wewe. Ndugu yangu yuko wapi?" alimuuliza Mama.

"Angalia chini."

Tata aliinama. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko maombi yaliyofuata.

"Kofia yake," alisema, kwa sauti ambayo sikujua anayo. Kisha akajifuta macho, akarudi kuwa Tata. "Haya. Na kahawa ya mke wa pasta iko wapi?"

"Unaiangalia," Mama alisema, akaanza kumimina chai.