Sekunde ya Mia na Kumi na Nne

Lorraine Stenerud alikuwa amechoka kabla hata hajavua koti. Theluji ya mji wa Madison ya mwezi wa pili, ngazi mpaka ghorofa ya tano kwa sababu lifti imegoma tena, na goti lile la kushoto. Ana miaka sitini na saba, Mei anastaafu. Na leo saa nne asubuhi wanafungua sanduku.

Sanduku lenyewe si sanduku. Ni data za miaka sita ambazo walijifungia wasizione, maana mwanasayansi akikitaka kitu sana hachelewi kukiona hata kama hakipo. Ndiyo desturi yao: kwanza mnaandika kanuni, wote mnatia saini, kisha mnafungua, na kitakachotoka mnakichapisha hivyo hivyo, kiwe kitamu kiwe kichungu. Kwa miaka ishirini na miwili Lorraine alishikilia kwamba nyota kubwa ikifa kwa mlipuko, mbali na ile miale mikali, hurusha pia vijichembe vinavyopenya chochote, hata dunia nzima. Aliitetea hoja hiyo mpaka wenzake wakamkinai, mpaka mumewe akamwambia akaolewe na hizo nyota. Kimoja tu kikitokea upande wa mlipuko, wakati wa mlipuko, angestaafu kwa moyo mweupe.

Marvin Pribyl alileta keki ya lozi, kama kawaida ya siku ya kufungua sanduku. Wamefanya kazi pamoja miaka thelathini, wakagombana ishirini na tisa. Alibonyeza kitufe, wakangoja kompyuta ikihesabu. Milipuko mia nane na kumi na miwili, na jibu likatoka: sifuri.

Lorraine alichukua kisu akaanza kukata keki. Marvin alikuwa ameinamia skrini, anapitia orodha, anarudia, halafu akamwita kwa sauti ya chini.

Kilikuwapo kimoja. Kikali, kimetoka pale pale angani palipotokea mlipuko wa Oktoba. Lakini kiliingia kwenye mtambo wao sekunde ya mia na kumi na nne baada ya mlipuko, na kanuni ilisema mwisho wa kuhesabu ni mia.

Hapo ndipo palipouma. Hiyo mia aliiweka nani kama si yeye? Miaka sita nyuma Marvin alisimama kikaoni kuomba mia mbili, na Lorraine akamwambia mbele ya watu kwamba mwenye kutaka wavu mpana hivyo akavue ziwani, huko hata kiatu kibovu ni kitoweo. Watu walicheka mpaka machozi. Marvin naye alicheka, ila wiki nzima hakuja kunywa kahawa ofisini kwake.

"Rasimu yangu ya mia mbili bado ninayo," Marvin alisema. "Ina tarehe. Nitasema ndiyo tuliyokubaliana, karatasi zikachanganyika. Hakuna atakayeuliza, Lori. Wanakupenda."

"Hawanipendi, wananiogopa."

"Basi hawatauliza kwa woga."

Lorraine alikitazama kile kinukta kwenye skrini kwa muda mrefu. Alikitaka, tuseme ukweli. Hajawahi kutaka kitu namna ile. Huenda kilisafiri miaka bilioni mbili kikachelewa sekunde kumi na nne. Huenda pia kilikuwa kinapita tu na safari zake. Nani wa kuamua, yeye? Kwa uchu ule aliokuwa nao, yeye ndiye asiyefaa kabisa kuaminiwa.

"Andika sifuri," alisema.

"Lori."

"Andika. Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo, kitaje hiki cha mia na kumi na nne, anayekuja nyuma yetu asifunge hesabu mapema kama mimi. Na useme Pribyl aliomba mia mbili, Stenerud akakataa."

Marvin aliandika polepole, kwa vidole viwili, kama anavyoandika siku zote. Alipofika kwenye jina lake alisimama, akavua miwani akaifuta. Miaka sita Lorraine hakuwahi kumwomba radhi.

"Nikusomee?" aliuliza.

"Usinisomee. Nilikuwapo siku ile," alisema Lorraine, akamsogezea kipande kikubwa cha keki.