Neno la Kuondoa Matanga

Deodata alinijia asubuhi akasimama mlangoni. "Koleta, mvua ndiyo hiyo. Mume wangu Audax anasema shamba alilokupa lisipopandwa wiki hii atampa jirani yetu Malongo."

Nikamwambia sawa. Siku zile kila kitu nilijibu sawa. Mume wangu Habonimana aliuawa na kuhara, mwezi haujaisha tangu tukimbie Burundi tukapokelewa hapa Kibimba, Tanzania, na tangu nimzike sikutoa hata chozi. Watu walinisema. Waseme, midomo ni yao.

Shida ilikuwa jembe. Kwetu nyumba ikifiwa, hakuna anayeshika jembe mpaka mtu wa nyumba hiyo asimame mbele ya mtungi wa pombe ya ndizi, watu wote wamekaa, aseme neno la kuondoa matanga. Jirani hawezi kulisema. Shemeji zangu walibaki ng'ambo, wanangu wadogo. Nimebaki mimi, ambaye hata kanisani nikiombwa kusoma somo nasingizia jino!

Msemaji alikuwa Habonimana. Kule Burundi kilima chetu kizima kilimwita, kwa harusi na kwa mazishi. Mimi nilikaa nyuma yake. Akimaliza hugeuka, ananong'ona, "Nimesema vizuri?" Nami namjibu, "Umerefusha."

"Sitaweza," nikamwambia Deodata.

"Wanao watakula nini? Huruma ya Audax? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wewe jembe hulishiki!" Akaketi, akavuta kisu na mkungu. "Haya, sema. Mimi namenya ndizi."

Nikasema maneno mawili, ulimi ukagoma. Jasho likanitoka. Ajabu ya Mungu: mwili wote ulikuwa umekufa ganzi, chakula sikisikii ladha, lakini woga ulikuwa mzima kabisa. Deodata akacheka, akaniambia nirudie. Nikarudia mpaka ndizi zikaisha.

"Kesho usiwatazame wote," akasema. "Nitafute mimi, unisimulie mimi."

Kesho yake uwanja ulijaa, Wahangaza wenyeji kwa Warundi wenzangu. Audax akaweka mtungi mbele yangu na mrija wake. Nikasimama. Yale niliyojifunza yote yakapotea. Mzee mmoja akakohoa. Jamani, nilitamani ardhi inimeze.

Nikamtafuta Deodata. Alikuwa amekaa karibu na jiko, mikono inafanya kama anamenya ndizi ambazo hazipo.

"Deodata," nikasema, "mume wangu amekufa."

Sikuwahi kulitamka hilo. Yaliyobaki yakafuata yenyewe. Nikasema alikuwa mtu wa maneno mengi. Nikasema alizikwa bila ndugu, Kibimba ikawa ndugu zake, asanteni. Nikasema wanangu wana njaa, mvua imekuja, na leo nyumba yake inaomba ruhusa ya kushika jembe.

"Shikeni!" watu wakaitikia, wakapiga makofi. Audax akasogea, akanipa jembe. "Shamba ni lako, mama. Kesho panda."

Nikakaa, jembe mapajani. Woga ulikuwa umekwisha. Nikageuka nyuma kama tulivyozoea, nikanong'ona, "Nimesema vizuri?"

Nyuma yangu palikuwa na ukuta wa udongo. Ndipo nikalia, nikalia mpaka Deodata akaja kuninyang'anya jembe nisijikate.