Krismasi ya Mecklenburg

"Ndugu zangu, leo historia yenyewe imetupigia goti," alitangaza mjomba Gaudens, mkono kifuani. Hapo hapo king'ora cha moshi kikalia, kwani ndizi alizoziacha jikoni zilikwisha kuwa mkaa. Ukoo mzima, yaani watu watatu, ukakimbilia madirisha, na baridi ya Apple Valley, mji wa ughaibuni walikohamia, ikaingia bila kupiga hodi.

Eliakunda, au Kunda kwa kifupi, alikipungia king'ora taulo kwa bidii isiyo ya kawaida. Alipogeuka, mama yake, Doris, alikuwa akimtazama. Si king'ora, yeye. Na Doris hakuwa mtu wa kutazama bure. Binti yake alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni Moshi na alama nzuri za Kijerumani na alama mbaya za adabu, na zote mbili Doris alikuwa amezisoma.

Historia yenyewe ilikuwa hivi. Bibi wa ukoo huo, aliyebaki kijijini Kilema mlimani Kilimanjaro, alikuwa na babu aliyeitwa Ndesario, aliyechukuliwa na bwana wake wa Kijerumani kwenda Ulaya, asirudi. Sasa Bibi, kapita miaka tisini, alitaka neno moja kabla hajafumba macho: babu yake alilala wapi, ili amchinjie mbuzi wa kumuaga. Gaudens akakusanya picha za kurasa za sensa ya zamani ya Wajerumani, nyumba kwa nyumba. Mwandiko ulikuwa kama kuku aliyekanyaga wino, basi kazi ya kusoma akampa mpwa wake.

Mpwa aliwavumilia waashi na wajane wa Mecklenburg, jimbo la Wajerumani, wa mwaka 1900 mpaka uvumilivu ukamwisha. Hakumwona Ndesario, akamtengeneza. Kwa kompyuta aliiga mwandiko, akamweka nyumbani kwa baroni mmoja: mtumishi, miaka ishirini na mitano, mzaliwa wa Kilimanjaro. Alikusudia wacheke, aombe radhi, yaishe. Lakini mjomba aliposomewa alilia. Nani atamwambia mtu mzima kuwa analilia utani?

Na sasa mjomba alisema wakishanywa chai atampigia Bibi. Kule Kilema mbuzi alishafungwa mtini.

Doris alimsogezea binti yake sukari kabla hajaombwa. Kunda akaingiwa na shaka. Doris akamuuliza kama amelala vizuri. Shaka ikaota mizizi. Kisha Doris akavuta zile kurasa, akazipanga mezani kama mtu anayepanga sahani za wageni.

"Nisomee hapa juu, mwanangu. Macho yangu hayajui Kijerumani."

"Tarehe moja Desemba."

"Na huu?"

"Tarehe moja Desemba."

"Na huu wa babu?"

Kunda akameza chai iliyokuwa imekwisha kumezwa. "Ishirini na tano."

Gaudens aliona hakuna ajabu. Krismasi si ndiyo watu wote wapo nyumbani?

"Kwetu, ndiyo," Doris alisema taratibu. "Mchaga akitaka kuhesabu watu wake husubiri Krismasi, wote wakwee mlimani. Huyu karani wa Mecklenburg, aliyewahesabu wengine wote tarehe moja, alikuwa akingoja nani akwee mlima upi?"

Mjomba aliutazama ukurasa, akamtazama mpwa wake, akarudi kwenye ukurasa, na uso wake ukazeeka. Hakugomba. Ingekuwa nafuu angegomba.

Simu ikaita. Bibi alikuwa amechoka kungoja, akapiga mwenyewe. Kwenye kioo likaonekana paji la uso na nusu ya kilemba, na nyuma yake sauti ya mbuzi.

"Gaudens, mmemwona?"

 Kunda aliichukua simu mkononi mwa mjomba, na kwa mara ya kwanza likizo ile hakutafuta maneno ya kuchekesha.

"Shikamoo, Bibi. Ni Kunda. Mwambie aliyemfunga mbuzi amfungue. Babu hatujamwona bado. Huyo wa kwenye karatasi nilimtunga mimi."