Kiberiti cha Mwenyekiti

Bwana wa afya aliposimama mbele ya shule ya Bukima akawaambia watu wazima na watoto walete mavi yao ndani ya kiberiti, Burito alitema mate chini, akayafukia kwa kidole cha mguu.

Hakutema kwa sababu ya mavi. Mavi alishayazoea. Mwaka uliopita alimuuguza mkewe Dafroza kwa mikono yake mwenyewe, akamfuta nyuma, akamfuta na mdomo alipoanza kutapika damu nyeusi ya mabonge, wala hakuona kinyaa hata siku moja. Kilichomtia kinyaa ni hicho kiberiti. Mwaka ule moto ulikuwa unaazimwa. Mtu alitoka kwake na kigae, akaomba kaa kwa jirani, akarudi analipuliza njia nzima kama mwendawazimu. Duka la kijiji lilikuwa na kufuli, mzani na panya. Sabuni hakuna, chumvi hakuna. Halafu wakubwa hao hao walioshindwa kuleta kiberiti cha kuwashia, leo wanakidai cha kunyea!

"Kiasi cha punje ya haragwe kinatosha," alisema yule bwana wa afya, kijana mwembamba aitwaye Danford, aliyekuja na darubini yake kwenye sanduku la mbao. "Kila mtu na kiberiti chake, niandike jina juu."

"Mwanangu," Bibi Wankyo akauliza kutoka nyuma, "mimi kiberiti mara ya mwisho nilikionaga marehemu mume wangu bado ana meno. Nikuletee kwenye kibuyu?"

Watu wakaangua kicheko. Danford naye akacheka, kisha akaeleza. Ugonjwa ni kichocho cha tumbo. Vijidudu vinatoka kwa konokono wa ziwani, vinapenya ngozi ya anayeoga au kuchota maji, vinakua minyoo, minyoo inataga. Mayai mengine yanatoka na choo, mengine yanakwama kwenye ini. Hapo mwili unajitetea: unalizungushia kila yai ukuta, ukuta juu ya ukuta, mpaka ini linakuwa gumu kama jiwe la kusagia. Damu ikikosa njia inapasukia ndani, na mtu anaitapika.

Kumbe! Kwenye zahanati Dafroza alipewa aspirini, na aliporudi hata aspirini haikuwepo. Msibani, Mwenyekiti wa kijiji, Alfonce, akasimama akawaambia waombolezaji kwamba huo ni mkono wa mtu, waache tamaa na wivu. Na sasa hapo ubavuni mwa Burito alikaa Hyasinta, mtoto wake wa pekee, miguu kama mabua, tumbo limelisukuma gauni la shule mbele kama mwanamke wa miezi saba. Juzi Burito alikuta damu kwenye choo cha mtoto.

"Dawa ipo?" aliuliza Burito.

"Ipo, mzee wangu, ila kidogo. Guta kule Bunda wamekula karibu yote. Nitampa yule tu nitakayeona mayai yake. Kesho napima, keshokutwa niko Butiama. Huku sirudi tena mwaka huu. Na ziwani msiingie."

"Tuoge kwa mate?"

"Baba Hyasinta, usilete siasa," alisema Mwenyekiti Alfonce kutoka kwenye kiti pekee kilicholetwa. "Kisima kipo kwenye mpango."

Kisima kilikuwa kwenye mpango tangu Hyasinta hajazaliwa.

Jioni Burito alikwenda kwa Mwenyekiti. Alimkuta barazani, kitambi kimetulia juu ya mapaja kama mtoto aliyeshiba.

"Ndugu Mwenyekiti, shida yangu ni kiberiti. Hata kitupu. Mtoto apimwe."

"Kiberiti!" Alfonce akashika kichwa. "Ndugu yangu, hata mimi moto naazimaga kwa jirani yangu Magige. Tuko sawa, viongozi na wananchi."

Hajafunga mdomo, dirishani pakasikika: kra! Harufu ya baruti ikatoka taratibu, ikapita katikati yao. Ndani, mama Ursula, mke wa Mwenyekiti, alikuwa anawasha taa.

Walitazamana. Alfonce akakohoa.

"Mende," alisema. "Nyumba hii ina mende wakubwa."

Burito aliondoka bila kuaga. Kilikuwa kipindi cha kusaka walanguzi. Kule Musoma, pale Mwigobero, watu walisemekana kutupa katoni za sabuni ziwani usiku wasikutwe nazo, samaki wakaoga binadamu hawajaoga. Angeweza kwenda kushtaki. Lakini kushtaki kwa nani? Kwa anayekula naye? Na mtoto apimwe lini?

Asubuhi alimfungia Hyasinta choo chake kwenye jani la mgomba, wakapanga foleni. Waliokuwa na viberiti walileta vya zamani, vilivyolegea, vyeusi kwa moshi, vilivyowahi kuhifadhia sindano na ugoro. Danford alikuwa ameweka meza chini ya ukuta wa darasa, darubini imeelekezwa kwenye jua, na uvundo umeshatanda mpaka nzi wanagombana.

Mama Ursula akaja na kikapu kilichofunikwa kanga, akaruka foleni nzima, akafunua. Akavipanga mezani kimoja kimoja: viberiti vipya, makali yake ya kuwashia hayana mchubuko hata mmoja.

"Hiki cha baba mwenyewe," alisema kwa adabu. "Hiki changu. Hivi vya watoto."

Bibi Wankyo akasogeza uso karibu.

"Loo! Hivi vimezaliwa jana? Hata kitovu hakijadondoka!"

Jasho likamtoka Mwenyekiti pale kitini mwake. "Si vyangu hivyo," alisema haraka. "Ni vya serikali. Vimeletwa na watu wa afya kwa kazi hii hii."

Danford aliinua macho, akamtazama, akayarudisha kwenye kalamu yake. Wasomi wetu ndivyo walivyo, huona ya kwenye darubini tu.

Zamu ya Burito ikafika, akaweka jani mezani.

"Mzee, kwenye jani naandikaje jina? Nitachanganya watu. Nimekatazwa kabisa."

Burito alilitazama jani. Akamtazama Hyasinta, aliyekuwa ameegemea ukuta anahema kama aliyepanda mlima. Halafu akaviangalia vile viberiti vipya.

"Mwenyekiti, umesema hivi ni vya serikali?"

"Nimesema."

"Basi na mimi ni wa serikali hiyo."

Akanyoosha mkono, akachukua kile cha kwanza, cha baba mwenyewe. Akakifungua, akakipindua mbele ya viatu vya Alfonce. Kikadondoka kitu kizito, kimenona, cha mtu anayekula wali katikati ya wiki. Watu wakaruka nyuma wameziba pua. Burito akang'oa nyasi, akapangusa ndani ya kiberiti, akatia cha binti yake, vidole vikiwa vimechafuka mpaka kwenye kucha, akakifunga.

"Andika. Hyasinta Burito."

Alfonce alivuta miguu nyuma. Atadai nini? Cha serikali!

Danford aliandika, lakini akakisogeza pembeni. "Hiki cha vurugu nitakitazama mwisho."

Kutwa nzima walisubiri. Familia ya Mwenyekiti ilipimwa kwanza. Mama Ursula na watoto wawili wakapata dawa. Jua lilipoanza kulala, kopo la vidonge lilikuwa linalia kidogo sana. Danford akapaka cha vurugu kwenye kioo, akainama. Akakaa hivyo muda mrefu, kisha akamwita Burito atazame.

Burito akafumba jicho moja. Kwenye mwanga aliona kidude cha rangi ya kahawia, kirefu, na ubavuni kina mwiba mmoja uliosimama kama wa gogogo, yule samaki anayechoma wavuvi mikono. Basi ni hiki. Hiki ndicho kilichojengewa kuta ndani ya Dafroza.

"Mayai yamo mengi," alisema Danford. "Tatizo umekipangusa kwa nyasi tu. Siwezi kuapa ni ya nani. Na dawa imebaki ya mtu mmoja."

"Ni yangu!" Alfonce aliruka kutoka kitini. "Mayai ni yangu! Kiberiti changu, mke wangu ndiye alikileta, mmemwona wote. Lete dawa yangu!"

"Kiberiti cha nani, ndugu Mwenyekiti?" Burito aliuliza polepole.

Alfonce akanung'unika kitu chini chini.

"Sema kwa nguvu, wasikie. Asubuhi kilikuwa cha serikali. Kama jioni hii kimekuwa chako, kimetoka wapi? Na wenzake wako wapi?"

"Aseme jamani," Bibi Wankyo akadakia, "twende na vigae vyetu tukajiwashie!"

Watu hawakucheka safari hii. Walisogea. Alfonce aliwatazama mmoja mmoja, akatafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Cha serikali," alisema.

"Basi chako ni kile pale chini, chenye nzi. Kiokote upimwe."

Moyoni Burito hakuwa na hakika. Huenda yale mayai yalikuwa ya Alfonce, na tumbo la Hyasinta lina jambo jingine. Lakini damu aliiona kwa macho yake. Danford akampima Hyasinta urefu, akahesabu vidonge, akampa. Vilikuwa vikubwa, vichungu kama nyongo. Mtoto alitaka kuvirudisha, baba akamziba mdomo kwa ule upande safi wa mkono mpaka koo likapanda na kushuka.

"Baba, maji," alisema.

Nyumbani mtungi ulikuwa mkavu. Hyasinta, kwa mazoea, akachukua ndoo aende ziwani. Burito akampokonya.

"Wewe usikanyage huko tena. Umesikia?"

Akashuka peke yake. Konokono walikuwa wamegandia kwenye matete, wengi, wametulia kama wenye nchi. Burito alikunja suruali, akatema mate, akaingia majini mpaka magotini.