Korido ya Muuza Magodoro

Asubuhi kochi jipya lilipoingizwa nyumbani kwa muuza magodoro, mama yake alikuwa akitoka chumbani kwenda kunywa chai na mwanawe. Safari hiyo aliijua kwa magoti: hatua kumi na nne, na kupumzika mara moja penye swichi ya taa. Siku hiyo zikawa kumi na saba. Aliketi mezani, akasema korido imeongezeka, akaomba sukari.

Hakuna aliyebisha. Biashara ilikuwa imemnyookea kijana, na mwenye nacho huongezewa.

Friji la pili lilileta hatua tisa. Kabati la vyombo visivyotumika lilileta thelathini, maana vyombo vilikuwa vingi. Mke wa muuza magodoro, mtu wa huruma, aliona sakafu tupu ndiyo inayomchosha mkwewe, akashauri litandikwe zulia. Likanunuliwa, likatandikwa, na kufikia jioni likawa halifiki hata nusu.

Fundi mwashi aliitwa kupima. Utepe ulimwishia mapema. Akagonga ukuta, akasikiliza.

"Ukuta hauna kosa," alisema. "Toeni vitu. Anzeni na kochi."

"Watu watasema nimefilisika, fundi."

"Na bi mkubwa je?"

"Mama yangu hakosi kitu."

Ni kweli, hakukosa. Alikosa tu kumwona mwanawe, na hilo lilimuuma kuliko magoti. Alitoka alfajiri, akafika vikombe vimeshaoshwa. Katikati ya korido palikuwa na ubaridi wa asubuhi kutwa nzima, na sauti za nyumbani zilimjia kwa mbali, kama za majirani. Hapo ndipo walipokutana siku moja.

"Mwanangu, hamia chumba cha pembeni yangu. Ni kidogo, lakini tutaonana."

"Ngoja nipumue, mama. Mwezi huu mzigo unaingia."

Alimshika mkono, akaangalia saa, akageuka, kwa kuwa kurudi sebuleni nako kulikuwa mwendo.

Tangu hapo husalimiana kwa sauti. Jioni mwana husimama mlangoni mwa korido na kuita, "Shikamoo, mama!" Marahaba hufika asubuhi, ikiwa nzima na ya upole, yeye ameshakwenda dukani. Mkewe huipokea.

Wiki iliyopita roho ilimsuta mwana, akanunua kipaza sauti, kikubwa kuliko vyote vilivyokuwepo. Sasa marahaba huchukua siku tatu.